Aliyechagua Zamu ya Mwisho

Mkunga hakuliamini dirisha. Ofisi yetu ilikuwa na dirisha la kioo lenye uwazi chini yake, na hapo wakazi wa nyumba ya wazee walipokea posho zao. Yeye kila mwezi alikataa kupokea kupitia ule uwazi. Alisukuma kiti chake cha magurudumu hadi mlangoni, akagonga kwa pete yake ya shaba, akangoja. Pesa, alisema, hutolewa mkono kwa mkono, na anayetoa amtazame usoni anayepokea. Kanuni ilisema mlango usifunguliwe sanduku la fedha likiwa wazi. Kwa hiyo kila mwezi nililifunga sanduku, nikavuta kifuniko kuhakikisha, nikafungua mlango, nikamwamkia, nikarudi kulifungua, huku nikijiuliza kama kamera ya korido inaniona mimi au inauona mgongo wake tu.

Jina lake nalijua, maana lilikuwa kwenye kila karatasi niliyoshika, lakini hakuna aliyelitumia. Wanawake wa kanisa lake, Wakongomani wa upande wa Fizi na Uvira waliokaa miaka mingi katika kambi za Kigoma kabla ya kuletwa Minnesota, walimwita Mkunga, na wahudumu wetu wakafuata. Mimi aliniita Karani. Kuhusu alikozaliwa na ukoo wake sina la kueleza. Maswali hayo aliyakatiza kwa kusema kwamba amezalisha watu wengi mno, akasahau kuuliza yeye alizalishwa na nani.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia, nikiwa na shahada ya elimu ya jamii na mkopo wa masomo, na kazi iliyonipokea ilikuwa ya msaidizi katika ofisi ya fedha ya nyumba ile, katika mji wa New Hope. Mama yangu, ambaye amekuwa muuguzi tangu tutoke Nakuru, alisema ni mwanzo mzuri. Mimi nililala nikiwaza kwamba siku moja nitakosea tarakimu na mzee wa watu atatolewa nje.

Nieleze kwanza jinsi posho inavyokwenda. Mtu ambaye matunzo yake yanalipwa na serikali hukabidhi karibu kipato chake chote kwa nyumba inayomtunza. Anaachiwa kiasi kidogo kwa mahitaji yake binafsi, pungufu kidogo ya dola mia kwa mwezi katika miaka ile: sabuni anayoipenda, nywele, simu, peremende. Kwenye fomu kiasi hicho kina jina refu. Mkunga alikiita posho, kama walivyoita mgao wa kambini, nami nikaliacha lile jina refu. Kuna kanuni ya pili, na hiyo ndiyo iliyotutesa. Mtu huyo haruhusiwi kuwa na akiba ya zaidi ya dola elfu tatu. Siku ya kwanza ya mwezi ikimkuta amezidisha, bima yake ya serikali inasimama, na gharama ya kitanda, ambayo ni maelfu kila mwezi, inakuwa yake. Asipoweza kulipa, anaandikiwa barua ya kuondoka.

Macho ya Mkunga hayakustaafu. Alikuwa akikaa kwenye kona ya ukumbi wa chakula, na wahudumu wasichana walijua wakipita mbele yake wanapimwa kiuno. Siku moja alimwita Mliberia mmoja, akamwamuru aache kubeba trei nzito. Msichana akacheka, akasema hana kitu. Baada ya wiki tatu akarudi kumwomba asimwambie mtu. Lakini pia alikosea, na alipokosea hakuyumba. Alimtabiria mke wa mpishi kwamba atazaa msichana, naye akajifungua mvulana. Nilipomletea habari alifikiri kidogo.

"Nilipomuona alikuwa msichana," akasema. "Amebadilika njiani."

Aliyeosha watoto wachanga wasiohesabika hakutaka kuoshwa. Siku zake za kuoga zilijulikana hadi ofisini kwetu, kwa kelele. Baadaye wahudumu waligundua kwamba tatizo halikuwa maji wala mikono yao, bali kimya. Walizoea kumwosha wakiwa wamenyamaza, kwa heshima, na yeye alisema mtu anayeoshwa kimyakimya ni maiti. Ilibidi wamsimulie jambo lolote, bei ya matairi, ugomvi wa dada zao, hata kwa Kiingereza asichokielewa. Wakisimulia, alitulia akainua mkono mwenyewe.

Chumba alikigawana na bibi mmoja Mzungu ambaye kiharusi kilimnyang'anya maneno. Mkunga alimsemesha Kiswahili mchana kutwa, akamkemea, akamuuliza maoni, na jioni alimpaka miguu mafuta aliyoyanunua kwa posho yake. Mtu huyohuyo alikataa kumkopesha mzee wa chumba cha pili dola mbili za soda, na mwaka mzima alinikumbusha kwamba yule mzee alithubutu kuomba. Nilipomuuliza tofauti ni nini, alisema bibi wa chumbani kwake hakuomba.

Asante hakuisema. Wala hakupenda kuambiwa. Mtu akimletea kitu alikitazama, akakigeuza, akauliza kimegharimu kiasi gani, kisha akatafuta droo yake kama kuna chochote cha kurudisha: peremende, kipande cha sabuni, pakiti za sukari alizozikusanya mezani. Usipopokea, chako nacho alikurudishia. Nilichelewa kuelewa hilo. Nilidhani ni kiburi, na kwa kiasi fulani kilikuwa kiburi. Lakini mahali pale alipewa kila kitu, uji, nepi, dawa, kitanda, hata siku ya kuoga alipewa, na hakukuwa na mtu hata mmoja aliyemhitaji atoe chochote.

Dagaa ndiyo iliyotukutanisha kwa mara ya kwanza nje ya siku za posho. Alikuwa ameagiza pakiti kutoka duka moja la mtaa wa Cedar-Riverside, akaipasha moto kwenye mashine ya chumba cha mapumziko, na harufu ikafika ghorofa ya pili. Kukaitwa kikao. Bosi wangu, mwanamke Mzungu mpole aliyebakiza miaka miwili astaafu, aliniomba nifasiri kwamba familia za wakazi zimelalamika. Mkunga akasikiliza mpaka mwisho.

"Waambie kahawa yao nayo inanuka," akasema. "Lakini mimi sikuita kikao."

Nilifasiri nusu ya kwanza tu. Alijua. Alipotoka alinishika mkono akaniambia Kiswahili chetu Wakenya tumekipakua hakijaiva, ndiyo maana kinatutisha kukisema chote.

Sasa nifike kwenye bahasha. Nilikuwa nimefanya kazi pale miezi kadhaa nilipoona jambo kwenye hesabu yake. Kila mwezi alitoa dola hamsini taslimu, noti mpya, na sikuona kilichonunuliwa. Iliyobaki aliigusa kidogo tu, na kwa miaka aliyokaa pale ilikuwa imejaa polepole kwenye akaunti ambayo nyumba huwatunzia wakazi. Zile hamsini zilipotea. Kisha nikaona zinakokwenda. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi alikuja mwanamke wa makamo, mwenye gari kubwa lililobonyea ubavuni, akakaa dakika ishirini ukingoni mwa kitanda, akaondoka na bahasha.

Katika mafunzo tulifundishwa kwamba anayeshuku mzee ananyonywa lazima aripoti. Nilijaza fomu. Niliandika wakati, rangi ya gari, kiasi. Nikaiweka kwenye droo yangu nisiipeleke, kwa kuwa niliogopa kumsingizia mtu. Nikaogopa vilevile kutoipeleka, kwa kuwa huenda anaibiwa na mimi nimekaa na ushahidi. Siku tisa fomu ile ilikaa pale. Siku ya kumi nilimuuliza Mkunga mwenyewe, kwa kuzungukazunguka hadi akanihurumia.

"Karani, sema. Unafikiri Katibu ananiibia?"

Ilikuwa likelemba. Sisi Nakuru tunaita chama, na Watanzania upatu, lakini kanuni ni moja. Wanawake ishirini wa kanisa lao, kila mmoja dola hamsini kwa mwezi, na kila mwezi mmoja wao hubeba elfu nzima. Yule mwenye gari alikuwa katibu wao. Mkunga alipoomba kuingia, walisita, maana mtu wa kwenye nyumba ya wazee anaweza kufa katikati ya mzunguko. Kwa heshima ya umri wake wakakubali, wakataka kumpa zamu ya kwanza, kama mkubwa anavyopakuliwa kwanza.

Alikataa. Alisema mnanipa ya kwanza halafu mtakaa mkiniombea nisife, na nikifa mtaimba mazishini huku mnahesabu hasara. Akachukua ya ishirini, ya mwisho kabisa, ambayo kila mtu huikwepa. Kwa njia hiyo siku yoyote atakayokufa hakutakuwa na mwanamke hata mmoja anayemdai. Miezi kumi na tisa alitoa kwanza. Niliichana ile fomu vipande vidogo, nikavigawanya katika mapipa mawili ya taka.

Zamu yake ilipofika ndipo nilipoharibu. Katibu alileta elfu moja Jumapili ya mwisho ya mwezi, na Jumatatu Mkunga akanionyesha bahasha ikiwa chini ya mto. Katika nyumba zile vitu hupotea: pete, miwani, hata meno. Nilimsihi. Nilimwambia pesa chini ya mto ni kama haipo. Yeye alisema itatoka Ijumaa jioni, wanawake watakuja kumchukua. Nikamwambia Ijumaa ni mbali. Nikamwonyesha jinsi akaunti inavyolindwa, saini mbili, taarifa kila robo mwaka. Akachoka na mimi, akanipa bahasha. Nikaandika risiti, nikaweka pesa, nikalala vizuri usiku ule kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi.

Bosi wangu ndiye aliyeona, siku iliyofuata. Mkunga alikuwa na elfu mbili na mia tatu na kidogo kutokana na posho zilizolala. Ukijumlisha elfu moja, amepita mpaka. Na mwezi ule ndio uliokuwa wa kuhuisha bima yake, kwa hiyo taarifa ya akaunti ilikuwa inakwenda kaunti, serikali ya eneo inayosimamia bima hiyo. Zilibaki siku nne mwezi uishe. Bosi hakunigombeza. Alisema tu kwamba kazi yetu ya kwanza ni kumwonya mkazi anapoukaribia mpaka, wala si kumsukuma auvuke. Niliwaza wezi wa kila aina, na sikuuwaza mpaka.

Alinipa orodha ya njia zinazokubalika. Kununua vitu vyake mwenyewe na kutunza risiti. Au kulipia mazishi yake mapema, njia wanayoichukua wengi, kwa kuwa fedha hiyo kaunti haiihesabu. Kumgawia mtu haikuwa njia. Zawadi inaweza kumletea adhabu ya miezi bila bima.

Nilianza na mazishi, nikiwa nimeandaa sentensi zangu. Mkunga hakuniacha nimalize ya kwanza.

"Sijawahi kumruhusu mama anunue nguo za mtoto kabla mtoto hajalia," akasema. "Hata kofia. Hata soksi. Na weye unataka nijinunulie sanduku nikiwa nakula uji?"

Nikaja na orodha nyingine. Televisheni. Hakuwa na la kutazama. Koti. Anakwenda wapi? Redio, saa, simu mpya. Kila nilichotaja alikirudisha kama pakiti ya sukari iliyopasuka. Siku ya pili ikaisha hivyo. Usingizini niliona korido ndefu na kiti chake kikisukumwa kuelekea mlango wa nje, na anayesukuma sikumwona, lakini viatu vilikuwa vyangu.

Ndipo nikapata wazo ambalo nililiona la akili. Ofisa wa kaunti alikuwa anapiga simu asubuhi iliyofuata kwa mahojiano. Likelemba ni mzunguko, nikamwambia Mkunga. Anayepokea huwa bado anadaiwa na wenzake. Akisema bado anadaiwa, huenda kaunti ikaona ile elfu ni mkopo, si mali yake. Sikutumia neno uongo. Aligeuza kiti, akaondoka.

Mahojiano yalifanyika ofisini kwa bosi, simu ikiwa katikati ya meza. Mimi sikuruhusiwa kufasiri kwa kuwa ni mfanyakazi wa nyumba. Mfasiri alikuwa mwanamume mwenye Kiswahili cha Tanzania, sauti imetulia, kutoka pahali pasipojulikana. Ofisa akauliza elfu moja imetoka wapi. Mkunga akaeleza, mfasiri akafasiri, ofisa akarudia kwa maneno yake, na mpaka hapo kila kitu kilikuwa sawa. Kisha akauliza: je, kuna sehemu ya fedha hiyo unayotakiwa kuwarudishia wenzako?

Bosi wangu aliangalia dirishani. Mimi niliiangalia pete ya shaba.

"Hapana," akasema Mkunga. "Mimi nilikuwa wa mwisho. Nimemaliza."

Mfasiri alifasiri. Ofisa akauliza tena, kwa upole, kana kwamba anamwachia nafasi.

"Mwambie hajasikia vibaya," Mkunga akamwambia mfasiri. "Ni zangu zote."

Ofisa akasema basi, ifikapo siku ya mwisho ya mwezi awe chini ya mpaka, na risiti zifike kaunti, la sivyo bima itasimama tarehe moja. Alisema kwa sauti ya mtu anayesema hivyo mara nyingi. Simu ilipokatika bosi alitoka kutuachia chumba, na nilitamani angebaki.

"Jana ulitaka niseme nini, Karani?"

Nilimwambia nilitaka abaki hapa.

"Miezi kumi na tisa nilitoa hamsini zangu, wengine wanakula, mimi natoa, ili mtu akiniuliza niseme sidaiwi. Kitu kimoja tu nilichojinunulia hapa, ni hicho. Na weye unataka nikitupe kwa mdomo ili nilinde godoro lao."

Nilisema samahani, na aliipokea bila kurudisha kitu, nikajua amekasirika kweli.

Katibu alikuja siku ya mwisho ya mwezi, Ijumaa, saa sita mchana, akitoka zamu yake ya ghala la vifurushi karibu na uwanja wa ndege, Bloomington, bado amevaa fulana ya njano inayong'aa. Hakwenda chumbani kwa Mkunga. Alikuja dirishani kwangu, akainama hadi mdomo wake ukawa kwenye uwazi.

"Weye ndiye ulifikiri mimi ni mwizi?"

Nilisema nilikuwa nafanya kazi yangu.

"Na ni weye ulichukua pesa ya likelemba ukailaza benki. Franchement, kwa kweli. Nani alikutuma?"

Akanieleza, kwa hasira ambayo haikupanda sauti, kile ambacho mtoto yeyote wa kanisani kwao angenieleza kama ningeuliza. Pesa ya zamu hailali. Mwenye zamu hukutana na wenzake wiki ileile, wanatoka naye, ananunua kitu, wanakiona kwa macho. Hivyo hakuna wa kuulizana baadaye pesa zilienda wapi, wala shemeji wa kuja kuomba, wala mume wa kuzinywa. Ijumaa hiyohiyo ambayo mimi niliiona mbali sana, wanawake walikuwa wameshapanga magari ya jioni. Kumbe kwao mpaka wa elfu tatu usingewahi kuonekana. Mimi niliyeogopa wizi ndiye niliyeijenga akiba.

"Sasa leta," akasema. "Tunakwenda mchana huu, wawili tu, risiti iwahi. Wengine wako kazini hadi jioni."

Mkazi ana haki ya kuchukua pesa zake bila kueleza. Mkunga aligonga mlango, nikafunga sanduku, nikafungua mlango. Alitaka mia tano. Nilimhesabia mkononi mwake. Nikamkumbusha risiti. Nikamkumbusha kwamba pesa taslimu aliyo nayo mfukoni nayo huhesabiwa, kwamba lazima inunue kitu, na kitu kiwe chake. Nilitaka kumkumbusha habari ya zawadi, akainua kidole.

"Karani, nimesikia."

Waliondoka saa saba. Bosi aliniambia akipata risiti kabla ya kuondoka atazipeleka kaunti kwa faksi siku hiyohiyo. Alikuwa anaondoka saa kumi na moja. Saa tisa nilikuwa nimekwishaona ajali tatu kichwani. Saa kumi niliona jambo baya zaidi: Mkunga kwenye gari lile, akipita mtaani, akimwona binti yeyote mwenye tumbo, akimpa zote. Nilimjua. Angefanya hivyo, na angeniambia ukweli, na ningelazimika kuuandika. Saa kumi na nusu nilisimama kwenye mlango wa mbele na koti la mtu mwingine. Theluji ya zamani ilikuwa imeganda kando ya barabara, nyeusi kwa moshi. Kila gari kubwa lililopita lilikuwa la Katibu mpaka lilipopita.

Saa kumi na moja kasoro dakika kumi lile lenye ubavu uliobonyea liliingia kinyumenyume. Katibu akashuka, akafungua nyuma. Ndani kulikuwa na kiti. Kiti cha kukalia wageni, kikubwa, cha kitambaa cha kijani kibichi, chenye mikono minene, kile ambacho ungekiona sebuleni kwa askofu.

Nilichukua risiti kutoka mkononi mwa Mkunga kabla hajashushwa, nikakimbia. Bosi alikuwa amevaa koti. Aliisoma: kiti kimoja, mia nne na tisini, kodi ikiwemo. Akauliza kama ni cha mkazi mwenyewe. Nikasema ndiyo. Mashine ya faksi ilifanya kelele yake, ikatoa karatasi ya uthibitisho, nami nikaisoma tarehe yake mara tatu, kisha mara ya nne.

Mkunga hakuwahi kukikalia. Tangu aje New Hope, wageni wake walikaa ukingoni mwa kitanda chake, karibu na nepi na chombo cha mkojo, na alikuwa ameona aibu kwa miaka bila kumwambia mtu. Mwezi mzima nilijiuliza kama kitu ambacho mwenyewe hakitumii kinahesabika kuwa mahitaji yake binafsi. Nilijiuliza hivyo nikiwa nimekikalia.

Baada ya mwaka mmoja niliondoka pale, nikapata kazi Saint Paul, kwenye ofisi ya bima ambako simjui hata mteja mmoja kwa uso. Nilimpigia simu mara chache. Ulipopita mwaka mwingine, Katibu akanitumia ujumbe kwamba Mkunga hali chakula vizuri na ameniuliza.

Nilikwenda Jumapili. Kitanda cha jirani kilikuwa kitupu, kimetandikwa. Yeye alikuwa amekonda, mkono umebaki pete, na sauti ilitoka kwa zamu, mara ipo, mara haipo. Katibu alikuwepo, daftari magotini. Nilitegemea kukuta amekwishajitoa kwenye likelemba, nikasema hivyo, kwa kutaka tu kuanzisha mazungumzo.

Katibu alicheka. Akaniambia mzunguko wa pili ulipoanza, baada ya mimi kuondoka, wanawake walipoona anaumwa walitaka kumsamehe asitoe, abaki kama mgeni wa heshima. Alikataa. Akadai apewe zamu ya kwanza, ileile aliyoitupa mwanzo. Wakampa, wakatoka naye siku hiyohiyo, akanunua blanketi za sufu, godoro la kuwekea juu ya lile la nyumba, na viatu vya ngozi ambavyo miguu yake haikuweza tena kuviingia. Risiti zote zilikuwa zimebandikwa ndani ya daftari. Tangu hapo alikuwa anadaiwa hamsini kila mwezi.

Nilimuuliza Mkunga kwa nini, yeye aliyeogopa deni kuliko sanduku la mazishi.

"Walianza kunisamehe," akasema. Akapumzika. "Mtu uliyemsamehe humtembelei. Unayemdai, unakuja kila mwezi."

Katibu hakukana. Alisema kweli hakuna Jumapili waliyokosa.

"Nimebakiza miezi tisa," Mkunga akaendelea. "Nikiondoka kabla, utamaliza weye."

Halikuwa swali. Nilianza kupiga hesabu, kodi ya nyumba, mkopo wa masomo, kama ahadi ya mdomo kitandani inamfunga mtu, kama wale wanawake wataniona mjinga, kama ni sawa kupokea deni la mtu ambaye hakuwahi kupokea hata peremende yangu bila kulipa. Alikuwa ananitazama usoni.

"Usifikiri, Karani. Sema."

Nikasema nitamaliza.

Alifumba macho. Katibu aliandika jina langu chini ya lake, akaniomba nilitamke tena ili asikosee, akaandika na namba yangu ya simu. Kisha akafungua ukurasa mwingine, mtupu, wenye mistari ishirini. Akasema maadamu nimeingia mlangoni basi niingie kabisa. Akauliza mzunguko ujao nataka zamu ya ngapi, ya kwanza au ya mwisho?

Nilikuwa bado nawaza. Mkunga alijibu kwa niaba yangu, macho yamefumbwa.

"Mpe ya katikati. Ya kwanza ataogopa deni, ya mwisho ataogopa kuibiwa."

Katibu akaandika kumi.